Sauti na mwanga katika video za gharama ndogo

Sauti na mwanga katika video za gharama ndogo ni mambo mawili yanayoamua ubora wa video iliyopigwa kwa simu au kamera ya kawaida, bila studio. Nchini Tanzania video za namna hiyo ni pamoja na kumbukumbu za harusi na ubatizo, mahojiano na wazee, masomo ya shule na filamu fupi za vikundi vya vijana. Mtazamaji huvumilia picha yenye kasoro, lakini maneno yasiyosikika kwa kawaida hayawezi kurudishwa wakati wa uhariri.

Historia

Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC), iliyoundwa mwaka 1968, ilifanya kazi katika enzi ya mikanda ya filamu, ambayo ilikuwa ghali kununua na kusafisha. Kaseti za video zilipunguza gharama hizo. Filamu ya Girlfriend (2003), iliyoongozwa na George Tyson, ni miongoni mwa kazi zilizofungua soko la filamu zinazoitwa Bongo Movie. Baadaye simu zenye kamera ziliwezesha karibu kila familia kupiga video. Hata hivyo kipaza sauti cha simu hukaa mahali ilipo kamera, na kamera mara nyingi huwa mbali na msemaji. Hiyo ndiyo sababu picha nzuri huambatana na sauti hafifu.

Sauti

Kanuni ya kwanza ni umbali. Mahali pa wazi, umbali kati ya msemaji na kipaza sauti ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, yaani hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kutoka sentimita 30 hadi mita 3 nguvu hiyo hupungua mara 100, wakati kelele za mazingira hubaki zilezile.

Kwa hiyo kipaza sauti cha bei ndogo kinachobanwa kwenye nguo, karibu na kidevu, huweza kushinda cha ghali kilicho mbali. Asiye nacho anaweza kutumia simu ya pili kama kinasa sauti. Simu hiyo huwekwa katika mfuko wa shati wa msemaji au mezani mbele yake, nje ya picha, na mtandao wake huzimwa ili isiite. Mwanzoni mtu mmoja hupiga kofi mbele ya kamera. Wakati wa uhariri mlio wa kofi hulinganishwa na picha ya mikono inapokutana, na sauti mbili huwekwa pamoja.

Kanuni ya pili ni mwangwi. Chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti. Mikeka, mapazia, magodoro na mablanketi huipunguza, hasa yakiwekwa upande anaoelekea msemaji. Nje, upepo hupunguzwa kwa kufunika kipaza sauti na sponji au kitambaa chepesi.

Mwanga

Msemaji asikae akiupa mgongo mlango au dirisha. Kamera inayojipimia mwanga yenyewe huufuata uangavu wa nyuma na kuufanya uso kuwa giza. Ukuta mweupe sana huleta tatizo hilohilo, hasa kwa watu wenye ngozi nyeusi. Dawa yake ni kumgeuza msemaji aelekee dirisha kwa upande, kupima mwanga kwa kugusa uso kwenye kioo cha simu, kisha kuufunga usibadilike. Shuka jeupe au karatasi ya manila upande wa pili hurudisha mwanga kwenye kivuli.

Usiku, taa moja iliyo juu ya kichwa hutia macho vivuli. Ni afadhali taa iwekwe pembeni, juu kidogo ya usawa wa macho, na mwanga wake ulainishwe kwa kuuelekeza kwenye ukuta mweupe. Balbu za njano zisichanganywe na mwanga wa mchana, kwa sababu rangi ya ngozi itatofautiana upande na upande. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo baadhi ya taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mistari inayotembea kwenye picha huondoka kamera ikipangwa kupokea mwanga kwa sekunde 1/50 au 1/100.

Mfano wa Kisondela

Kata ya Kisondela iko katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Eneo la Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Mvua ikinyesha juu ya bati lisilo na dari, mazungumzo hayarekodiki. Kwa hiyo kazi za ndani hupangwa zaidi miezi ya Juni hadi Oktoba, au hufanywa asubuhi kabla ya mvua. Mashine za kusaga na bodaboda nazo huzingatiwa wakati wa kuchagua mahali.

Mawingu ya Rungwe, kwa upande mwingine, ni msaada: hutawanya mwanga na kulainisha vivuli. Siku ya jua kali, saa sita mchana huepukwa; asubuhi hadi saa tatu na jioni kuanzia saa kumi hufaa zaidi. Chini ya migomba uso huweza kupata rangi ya kijani na madoa ya mwanga, hivyo kivuli cha ukuta ni bora.

Ubora wa sauti una uzito wa pekee wazee wanaporekodiwa wakisimulia kwa Kinyakyusa. Lugha hiyo ina irabu 7, wakati Kiswahili kina 5, na urefu wa irabu huweza kubadili maana ya neno. Rekodi yenye mwangwi huficha tofauti hizo, na msimulizi huenda asipatikane tena kuulizwa. Kwa sababu hiyo inashauriwa kurekodi jaribio la dakika moja, kulisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, na kurekebisha kasoro kabla mzee hajaanza kusimulia.