Saa ya Mkono Mmoja

Mara ngapi tumemwona mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya saa ya ukutani huku machozi yamlengalenga? Mkono mfupi wakaribia 8, mrefu uko penye 10. Mtoto asema: saa nane na kumi. Mwalimu, ahesabuye kwa saa ya Kizungu, asema: saa saba na dakika hamsini. Bibi yake nyumbani, aliyezoea hesabu ya Kiswahili, asema: saa mbili kasoro dakika kumi. Watatu wametazama saa ile ile, na aliyechapwa ni mtoto!

Basi tukumbuke jinsi watu wazima wenyewe walivyojifunza, maana hawakujifunza upesi. Saa za kwanza za magurudumu zilitokea Ulaya mwishoni mwa karne ya 13, na monasteri na makanisa yalikuwa ya kwanza kuzitumia. Nyingi hazikuwa na uso. Kazi yao ilikuwa kugonga kengele tu. Saa ya zamani ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, isemwayo kuwa ya mwaka 1386 hivi, haina uso hata leo. Nyuso zilipoanza kutumika, nyingi zilikuwa na mkono mmoja tu, kwa sababu saa zile zilikosea hata robo saa kwa siku. Nani angehesabu dakika? Mkono wa pili ulienea baada ya Mholanzi Christiaan Huygens kutengeneza saa yenye uzito unaobembea, mwaka 1656. Maana yake, kwa muda wa miaka 300 na zaidi wafalme na maaskofu walitosheka na mkono mmoja. Sisi twampa mtoto wa miaka sita mikono miwili siku ya kwanza.

Wala hesabu ya bibi si ya kudharauliwa. Katika Matendo ya Mitume, Petro asema ni saa tatu ya mchana, naye ahesabu tangu mapambazuko, kama bibi. Hapa Bunia hesabu hiyo yafaa sana. Tuko karibu na ikweta, penye digrii 30 hivi za mashariki. Jua hupita digrii 15 kwa saa moja, na saa yetu imetangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili kamili. Kwa hiyo jua lachomoza karibu na 6 ya Kizungu mwaka mzima. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Uganda, saa zimetangulia zetu kwa saa moja, ingawa jua ni lile lile.

Saa ya mtoto, basi, tungeitengeneza hivi. Tuchukue saa iliyochakaa lakini yatembea, tuondoe mkono mrefu. Kila nafasi kati ya namba mbili tuipake rangi yake: toka 7 mpaka 8 ni rangi ya saba, hata mkono ukikaribia 8 kabisa. Kisha mkono mfupi tuutie mkia wa karatasi nyepesi, uelekee upande wa pili. Kichwa kikiwa penye 7, mkia uko penye 1. Kichwa chasema saa ya mwalimu, mkia wasema saa ya bibi, wala hawagombani tena.

Mkono wa dakika tutaurudisha siku mtoto atakapouliza mwenyewe: bado kidogo kiasi gani mpaka mapumziko?