Panya Buku wa Morogoro na Elimu ya Ubongo

Mkulima wa Uluguru humjua panya buku kuwa ni mwizi, abebaye nafaka ya watu katika vifuko vya mashavu yake. Lakini mjini Morogoro, chini ya milima hiyo, mnyama huyo alipewa kazi ya kuleta habari ambazo uhai wa mtu huzitegemea.

Shirika la APOPO liliasisiwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, na mwaka 2000 likahamia katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kusudi la kwanza lilikuwa kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Njia yake ilitokana na elimu ya ubongo. Zamani Ivan Pavlov wa Urusi alikwisha kuonyesha kwa mbwa jinsi ubongo uungavyo sauti na chakula. Vivyo hivyo panya husikia mwaliko wa kidude, kisha hupewa ndizi. Baadaye hufahamu kuwa mwaliko huja tu aitambuapo harufu aliyofundishwa. Na pua yake ni hazina: utafiti ulioanzishwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba jamii ya panya ina jeni za kupokea harufu zipatazo elfu moja.

Tangu mwaka 2007 panya hao walinusa pia makohozi ya wagonjwa kutoka vituo vya afya vya Tanzania. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye hadubini huweza kuifanya kwa siku nne.

Hata hivyo, wepesi si ukweli. Panya hajui kifua kikuu ni nini. Yeye hukawia tu juu ya tundu lenye sampuli. Kukawia huko ni dalili, wala si habari bado. Kwa hiyo sampuli ambazo ugonjwa wake umekwisha kujulikana huchanganywa na nyingine. Kwa hizo panya hulipwa, na kwa hizo hupimwa uaminifu wake. Anaposhuku sampuli ambayo kituo kiliiona safi, hurudishwa kwenye hadubini. Ikithibitika, kituo hujulishwa, ili mgonjwa atafutwe.

Mgonjwa aliyeambiwa ni mzima hurudi nyumbani akakohoa kati ya wanawe. Jibu lisipomfikia, kazi yote ya pua na ya ubongo imekuwa bure.

Mwaka 2020 Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kufichua mabomu huko Kambodia. Alistahili. Lakini nishani huvishwa kiumbe mmoja. Habari ya kweli hujengwa na mnyororo mzima, tangu pua hadi mlango wa mgonjwa.