Gazeti Lililomjua Msomaji Wake

Ndugu msomaji, ukitaka kujua gazeti la watu wa pwani hutengenezwa vipi, litazame *Sahifa*, alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, mjini Mombasa mwaka 1930.

Sheikh alikuwa mwanachuoni, akisoma majarida ya Misri kama *Al-Manar*. Lau angetaka, angeandika Kiarabu akasifiwa na wanavyuoni wenzake. Lakini wengi wa watu wa mji walizijua herufi za Kiarabu tangu chuoni, na lugha yenyewe hawakuijua. Basi akaandika Kiswahili cha Mvita kwa herufi hizo hizo. Na mambo aliyoyaandika yalikuwa ya nyumbani mwao: elimu ya watoto, wajibu kwa wanawake, na kuiga ya wageni bila ya kupima. Mwaka 1932 akatoa *Al-Islah*, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala za *Sahifa* zikakusanywa mwaka 1944 katika kitabu *Uwongozi*.

Zingatia basi, ewe mwenye kalamu: Sheikh hakumtafuta msomaji kwa kumsifu. Alimkosoa, lakini kwa lugha yake. Nasaha isiyofahamika haimfai mtu, hata ikiwa ni ya haki.