Kupe wa majira ya vuli: mwongozo kwa waendesha baiskeli na wanaosafisha njia za msituni

Vuli ya kaskazini-mashariki mwa Marekani si vuli ya mvua tunayoijua Afrika Mashariki. Ni miezi ya Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapobadilika rangi na kupukutika, mbu wakapungua na hewa ikawa ya baridi. Katika majimbo kama Maine na Vermont, ambako zimehamia familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, huu ndio wakati mzuri wa kuendesha baiskeli za milimani. Ndio wakati pia vikundi vya kujitolea huingia msituni na reki kuondoa majani njiani kabla theluji haijaanza.

Wengi hudhani kwamba baridi ikiingia kupe wamekwisha. Sivyo. Kupe wakubwa wanaoeneza ugonjwa wa Lyme hutafuta damu kwa wingi mwezi Oktoba na Novemba, na huendelea kutembea siku yoyote ambayo joto limezidi nyuzi 4 hivi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujikinga, jinsi ya kumtoa kupe, na jinsi ya kuitambua alama ya ugonjwa huu kwenye ngozi nyeusi, ambako mara nyingi hupita bila kutambuliwa.

Ugonjwa wa Lyme ni nini?

Ni ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Borrelia burgdorferi. Umepewa jina la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut, ambako katika miaka ya 1970 watoto wengi walionekana wakivimba viungo. Kupe huwapata bakteria hao anaponyonya damu ya panya na wanyama wengine wadogo, kisha huwaambukiza watu. Ugonjwa hauambukizwi kwa kugusana wala kula pamoja.

Walioishi Tanzania ya kati au Kongo huenda wameisikia homa ya papasi. Bakteria wa homa hiyo ni wa jamii moja na wa Lyme, lakini wadudu wenyewe wana tabia tofauti. Papasi hujificha kwenye nyufa za nyumba, huuma usiku kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Kupe wa Lyme huishi msituni na huganda mwilini kwa siku kadhaa. Kwa kawaida huhitaji kunyonya kwa zaidi ya saa 24 kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo ukimwona na kumtoa siku ileile, hatari ni ndogo sana.

Kwa nini anayesafisha njia yuko hatarini zaidi?

Kupe haruki wala hapai. Hujificha kwenye majani makavu yenye unyevu, hupanda kwenye nyasi au kichaka, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri mtu apite. Mwendesha baiskeli anayepita katikati ya njia hugusa vichaka mara chache. Anayesafisha njia hupiga magoti, huinama na kukusanya majani kwa mikono, yaani anafanya kazi hapohapo wanapoishi kupe.

Hata hivyo kazi hiyo ina faida. Majani yaliyorundikana huziba mifereji midogo inayotoa maji njiani. Maji yakituama njia hugeuka tope, tairi huchimba mitaro, na mvua ikinyesha udongo huchukuliwa. Majani yaliyolowa huficha pia mizizi na mawe, na huteleza kama ganda la ndizi. Njia iliyosafishwa hupunguza ajali, na ukanda wake wa kati usio na majani huwapa kupe nafasi ndogo.

Kabla ya kuingia msituni

- Vaa suruali ndefu na uingize ncha zake ndani ya soksi. Nguo za rangi nyepesi humwonyesha kupe upesi.
- Paka nguo na viatu dawa ya permethrini ya asilimia 0.5, uiache ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Dawa hii ni ya nguo, haipakwi kwenye ngozi. Ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka, kwa hiyo iweke mbali nao.
- Kwenye ngozi iliyo wazi tumia dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET au pikaridini, kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa.
- Mwezi Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Vaa fulana au kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, na umvishe mbwa wako pia.
- Baada ya saa kurudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, jua huzama karibu saa kumi na nusu jioni. Panga kutoka msituni mapema na ubebe taa.

Mkiwa kazini au kwenye baiskeli

- Usiguse njia kabla ya kumuuliza mwenye ardhi au kikundi kinachoitunza. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ni mali ya watu binafsi.
- Anzeni na mifereji. Simama juu ya njia na uvute majani kwa reki yenye mpini mrefu kuelekea upande wa bondeni. Usiyakumbatie kifuani.
- Vaa glavu. Epuka mmea wenye majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge hata majani yakiwa mekundu au yamekauka.
- Msikae juu ya magogo au marundo ya majani wakati wa mapumziko. Koti litundike kwenye baiskeli.
- Kila mkipumzika, kaguaneni nguo.
- Ukiwa kwenye baiskeli, pita katikati ya njia. Ukikwepa dimbwi kwa kupita pembeni unaipanua njia na kujipeleka vichakani. Tairi ikiacha mtaro kwenye tope, rudi nyumbani uje siku nyingine.

Ukirudi nyumbani

Weka nguo kavu kwenye mashine ya kukausha, kwa joto kali, dakika 10, kabla ya kuzifua. Kuzifua kwa maji baridi hakumuui kupe. Oga ndani ya saa mbili, kisha jikague mwili mzima. Kupe mkubwa ambaye hajanyonya anatosha punje ya ufuta, kwa hiyo pitisha vidole polepole. Angalia kwapani, kwenye kinena, nyuma ya magoti, kiunoni, kitovuni, nyuma ya masikio na kichwani. Kama nywele zimesukwa, mwombe mtu akupapase kati ya mistari. Watoto wakaguliwe na mzazi.

Jinsi ya kumtoa kupe

Tumia kibano chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, umvute juu moja kwa moja, polepole, bila kumzungusha. Safisha mahali hapo kwa sabuni na maji. Nyumbani tumezoea kumchoma kupe kwa kiberiti, au kumpaka mafuta ya taa au Vaseline. Usifanye hivyo, kwa sababu humchelewesha na huweza kuunguza ngozi. Andika tarehe. Kama unadhani alikaa siku nzima au zaidi, piga simu kliniki ndani ya saa 72 tangu alipotolewa. Huenda ukapewa dozi moja ya kinga.

Alama ya Lyme au alama ya kuanguka?

Mgonjwa wengi huonyesha alama kwenye ngozi kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa. Mabango mengi huonyesha duara jekundu lenye kitovu, kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo inaweza kuwa ya kahawia, zambarau au nyeusi kuliko ngozi ya kando, bila duara lolote. Inafanana sana na damu iliyovilia. Na mwendesha baiskeli ana alama za kuvilia damu kila wiki.

Katika kazi yangu ya kutembelea familia nimemwona kijana aliyekuwa na alama pana pajani, akaniambia kwamba alijigonga kwenye usukani. Nilipomuuliza alianguka lini, hakukumbuka. Alama ilikuwa imepanuka kwa siku nne na haikumuuma. Tulimpeleka kwa daktari, akatibiwa.

Tumia vipimo hivi vitatu:

1. Inakua au inapungua? Alama ya kuanguka hufifia siku hadi siku. Ya Lyme hupanuka, na inaweza kufikia sentimita 30. Chora ukingo wake kwa kalamu na uipige picha kila siku.
2. Inauma ukiibonyeza? Ya kuanguka huuma. Ya Lyme kwa kawaida haiumi wala haiwashi sana, ila inaweza kuwa na joto.
3. Unakumbuka kugongwa hapo? Alama ya kwapani, kwenye kinena au nyuma ya goti, bila kumbukumbu ya kuanguka, ionwe na daktari.

Ukosefu wa alama hauondoi ugonjwa. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi mara nyingi hugunduliwa wakati ugonjwa umeshafika kwenye viungo au neva.

Muone daktari haraka ukiwa na:

- homa, baridi, uchovu mwingi au maumivu ya mwili ndani ya wiki chache baada ya kutoka msituni, hata bila alama;
- upande mmoja wa uso kulegea;
- goti au kiungo kingine kuvimba;
- kizunguzungu au moyo kwenda mbio. Ukizimia, ukipata maumivu ya kifua au ukishindwa kupumua, piga 911.

Useme nini ukifika? Sema wazi: "Nilikuwa msituni, mahali fulani, tarehe fulani. Nadhani ni kupe." Onyesha picha zako. Una haki ya kuomba mkalimani. Kama umesafiri Afrika miezi ya karibuni, sema pia, kwa sababu homa hiyo inaweza kuwa malaria na lazima ipimwe siku hiyohiyo. Kama una mimba, taja, ili upewe dawa inayofaa.

Kipimo cha damu huweza kuonyesha kwamba huna ugonjwa katika wiki za kwanza, kwa sababu mwili bado haujatengeneza kinga ya kuonekana. Ndiyo maana daktari akiiona alama yenyewe anaweza kuanza matibabu bila kusubiri maabara. Dawa ni antibiotiki za kawaida, kwa muda wa wiki mbili hivi, na wengi wanaotibiwa mapema hupona kabisa. Maliza dozi yote, wala usimeze vidonge vilivyobaki nyumbani.

Usiache baiskeli wala reki kwa kuogopa kupe. Msitu unanufaisha moyo, mapafu na akili, na kazi ya pamoja humpa mgeni marafiki. Jikague jioni ileile, na alama yoyote inayokua uipeleke kwa daktari.