Shofaji ya gesi: historia ya moto unaokaa chini ya nyumba za ndugu zetu Marekani



Ilikuwa mwezi wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa yaya, dada yangu mkubwa, anayeishi Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Kwao ilikuwa bado saa tano usiku na theluji inaanguka. Akasema: «Mdogo yangu, shofaji imezimika, watoto wanatetemeka. Tuna mfuko wa makala uliobaki tangu siku za joto, tulipokuwa tunachoma nyama. Nataka niyawashe kwenye sufuria hapa chumbani.»

Nilimwomba asiwashe. Katika kazi yangu ya redio nimefika kwenye matanga ya watu waliolala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa. Alinisikia, akawafunika watoto mablanketi yote, akaenda kugonga kwa jirani. Lakini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: «Hii shofaji ni kitu gani hasa, na kwa nini inajizima yenyewe?» Tangu siku ile nimesoma na kuuliza mafundi. Nawaletea niliyoyapata, kwa maana si yaya peke yake aliye kule. Katika mwaka wa serikali wa 2016, Congo ndiyo nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000. Jamaa nyingi hapa zina mtoto au shangazi anayelala juu ya mashine hii.

Hapo zamani nyumba za Marekani zilipashwa joto kwa kuni na makaa ya mawe. Tanuru la chuma lilikaa katika chumba cha chini ya nyumba, na joto likapanda lenyewe kupitia mabomba makubwa hadi vyumbani. Mtu alipaswa kushuka asubuhi na usiku kutia makaa na kuondoa majivu. Mwaka wa 1885, huko Minneapolis, Albert Butz alitengeneza chombo kilichofungua mlango wa hewa wa tanuru chumba kilipopoa, bila mtu kushuka. Kile kidude cha ukutani wanachobonyeza ndugu zetu ili kuongeza joto kinatoka katika ukoo huo.

Matanuru ya kwanza yalikuwa ya chuma cha kumimina. Kwa kupata moto na kupoa kila siku yalipinda na kupasuka, na moshi ukaingia ndani ya nyumba. Mwaka wa 1895, Dave Lennox, fundi wa mji mdogo wa Marshalltown, jimbo la Iowa, alianza kuuza tanuru la mabati ya chuma yaliyounganishwa kwa ribiti. Lilivumilia zaidi. Kumbukeni neno hili, kupasuka. Tutalirudia.

Gesi nayo ilikuwa na njia yake. Mwaka wa 1855, Robert Bunsen na fundi wake huko Ujerumani walionyesha kwamba gesi ikichanganywa na hewa kabla ya kuwaka, hutoa moto wa buluu, mkali, usio na masizi. Mwaka wa 1919, Alice H. Parker wa Morristown, jimbo la New Jersey, alipewa hati ya uvumbuzi wa mpango wa kupasha nyumba nzima kwa gesi, hewa ya moto ikipelekwa vyumbani kwa mifereji. Hata hivyo, mwaka wa 1940 zaidi ya nusu ya nyumba za Marekani bado zilitumia makaa ya mawe. Kilichobadilisha mambo ni mabomba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilijenga mabomba mawili marefu kutoka Texas hadi mashariki ili kusafirisha mafuta. Mwaka wa 1947 yaliuzwa, yakaanza kupitisha gesi. Miaka iliyofuata, nyumba nyingi ziliacha makaa.

Lakini gesi ilikuwa imekwisha kuua. Tarehe 18 mwezi wa tatu 1937, katika shule ya New London, Texas, gesi ilivuja chini ya sakafu. Gesi hiyo haikuwa na harufu, kwa hiyo hakuna aliyejua. Cheche moja ilitosha. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo, sheria zilidai gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya, kama yai bovu. Ndugu yako wa kule akisikia harufu hiyo, asiwashe taa wala kiberiti. Atoe watu nje kwanza, kisha apige simu.

Kwa miaka mingi shofaji zilikuwa na kimoto kidogo kisichozimika. Pembeni yake paliwekwa kichuma kinachohisi joto: kimoto kikizimika, kichuma kinapoa na gesi inafungwa. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka wa 1973, watu walianza kuona kimoto hicho kama hasara. Kuanzia 1992 sheria ya Marekani ilidai shofaji mpya za kawaida zigeuze angalau asilimia 78 ya gesi kuwa joto la nyumba. Zile za zamani ziliweza kupoteza theluthi moja au zaidi kupitia bomba la moshi. Nyingi za leo hupita asilimia 90, nazo huwashwa kwa umeme. Ndiyo maana umeme ukikatika, shofaji ya gesi nayo inazimika.

Sasa turudi kwa yaya. Fundi alipofika alikuta chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Hakuna aliyewaambia kwamba linabadilishwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Hewa ilipokosa njia, mashine ilipata joto kupita kiasi ikajizima. Kumbe kujizima kule kulikuwa ni kuwalinda. Lakini fundi aliendelea kutazama. Ndani, kwenye chumba cha chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba, aliona ufa. Mashine ilikuwa imepita miaka 20. Alifunga gesi, akamwambia mwenye nyumba: hapa hakuna kutengeneza, ni kubadilisha.

Ufa huo ndio ule wa matanuru ya zamani. Zamani ulitoa moshi ambao watu waliuona. Leo unaweza kupitisha monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, anafikiri ni homa, analala, haamki. Sisi wa Goma tunaijua mazuku, hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua bila kuonekana. Hii ni hewa nyingine, nayo haingoji bondeni. Inajaza chumba chote.

Na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye makala. Mwezi wa pili 2021, baridi kali ilikata umeme Texas. Zaidi ya watu 1,400 walikwenda hospitali kwa sumu hii, wengi baada ya kuwasha jenereta, gari au makala ndani.

Kwa hiyo mkipigiwa simu kutoka kule, ulizeni mambo manne. Chujio limebadilishwa lini? Fundi ametazama shofaji kabla ya baridi? Moto wake ni wa buluu, au umegeuka manjano? Kengele ya monoksidi ya kaboni ipo karibu na vitanda, na inalia ikijaribiwa? Kama wamepanga, wamdai mwenye nyumba, tena kwa maandishi.

Na ninyi mnaolala kwenye hema au chumba cha kuazima, mvua ikinyesha na watoto wakisikia baridi, mbabula ibaki nje. Hata makala yakionekana yamekufa, majivu juu, bado yanatoa hewa ile.

Yaya ana shofaji mpya sasa. Mfuko wa makala bado uko kwake, unangoja siku za joto, nje.