Mabanga: Mtaa wa Mawe na Wajumbe Wake

Kwa Lingala, mabanga maana yake ni mawe. Kwa mtu wa Goma jina hilo halihitaji maelezo mengi: ukichimba shimo la choo unagonga lava, ukijenga ukuta wa lupango unapanga mawe ya volkano. Leo mtaa huu ni makartie mawili, Mabanga Nord na Mabanga Sud, yote ya komini ya Karisimbi. Mji mzima uko na makartie 18: 7 ya komini ya Goma na 11 ya Karisimbi.

Watu wanauliza: depite wa Mabanga ni nani? Mabanga haina depite wake peke yake. Kwa Bunge la Kinshasa na kwa Bunge la provinsi, mji wote wa Goma ni eneo moja la uchaguzi. Viti vinagawanywa kufuatana na kura za kila listi, kisha mwenye kura nyingi katika listi yake ndiye anapita. Kwa hiyo mgombea anaweza kukaa Himbi, karibu na ziwa, na kura zake azitafute kwetu kwenye mawe.

Wazee walijua namna nyingine. Wakati wa Mobutu kulikuwa chama kimoja tu, MPR, na wajumbe waliitwa makomisere wa watu. Mwaka wa 1975 hakuna aliyetia karatasi katika sanduku: walipitishwa kwa makofi. Mwaka wa 1988 Kivu iligawanyika, Goma ikawa mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini. Mwaka wa 1998 ilianzishwa Barza Intercommunautaire, ambako wakubwa wa makabila walikaa pamoja kutafuta amani. Ile ilifuata desturi ya baraza: kila upande na mzee wake wa kusema.

Kura ya vyama vingi ilirudi mwaka wa 2006, kisha 2011, 2018 na 2023. Lakini madepite wa provinsi waliochaguliwa 2006 walikaa mpaka 2019, kwa sababu mwaka wa 2011 kura yao haikufanyika. Halafu, tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura ya kijeshi ilianza: Bunge la provinsi likasimamishwa, meya na maburugumestre wakawa polisi. Desemba 2023 tulipiga kura chini ya hali hiyo hiyo, wakati jirani zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa, juu ya vita. Mwishoni mwa Januari 2025 AFC/M23 waliingia mjini, wakaweka gavana na meya wao. Waheshimiwa tuliowachagua wakabaki Kinshasa, mbali na watu waliowatuma.

Basi ni nani anabeba neno la Mabanga? Kwa sheria ya 2008 komini inapaswa kuwa na baraza la kuchaguliwa, lakini kartie haina lake, na shefu wake anawekwa kutoka juu. Katikati ya wote hao, avenyu na nyumba kumi ndizo zinajua nani amefiwa, maji yamekatika wapi, nani hakulala kwake. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tuwafundishe watoto historia hii, ili siku sanduku la kura litakaporudi wajue kumuuliza mgombea: utakaa wapi sisi tukikutafuta?