Mwanasheria wa Mashambulizi, Sehemu ya Pili: Karatasi ya Dallas

Wiki iliyopita tulimwacha Mike Leach na shahada ya sheria ya Pepperdine kabatini, familia changa ya kulisha, na kibarua cha ukocha msaidizi Cal Poly cha dola 3,000. Wenzake walikuwa mahakamani wakivaa tai. Yeye alitaka kufundisha futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao chuoni hakuwahi kuucheza. Katika Chuo Kikuu cha Brigham Young alicheza raga.

Mwaka 1989 akaangukia Mount Pleasant, Iowa. Chuo cha Iowa Wesleyan kilikuwa kidogo, na timu yake ilikuwa imemaliza msimu mzima bila kushinda hata mechi moja. Kocha mkuu mpya, Hal Mumme, akamkabidhi wale majitu wa mstari wa mbele, na juu yake kazi ya afisa habari wa michezo.

Hapo ndipo wawili hao walipoupika mfumo uliokuja kuitwa Air Raid. Enzi hizo timu nyingi ziliukumbatia mpira na kusukumana katikati; wao waliurusha, tena na tena. Mbinu zao zilikuwa chache mno, ila zilirudiwa mazoezini hadi wachezaji wakazicheza bila kufikiri. Majitu wa mstari wa mbele waliachanishwa wakasimama mbali mbali, ili adui anayemwinda kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, azunguke njia ndefu. Anapofika, mpira umeshaondoka.

Kutoka Iowa wakahamia Valdosta State, Georgia, mwaka 1992, kisha Kentucky mwaka 1997. Kentucky ndiko dunia ilikostuka: kwotabeki wao, Tim Couch, alichaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa ligi ya kulipwa ya NFL mwaka 1999.

Kuna mtu aliyekuwa ameyaonja mateso ya kuizuia timu hiyo. Bob Stoops, kocha wa ulinzi wa Florida, alikuwa amekesha akitafuta dawa ya Kentucky. Alipopewa ukocha mkuu wa Oklahoma, hakuendelea kuitafuta. Alimchukua Leach awe kocha wake wa mashambulizi, na Leach akamleta Josh Heupel, kijana wa mkono wa kushoto kutoka Snow College, Utah.

Oktoba 9, 1999. Dallas, uwanja wa Cotton Bowl, Oklahoma dhidi ya Texas. Wachezaji wakiwa bado wanapasha misuli, karatasi moja ikaachwa nyasini. Ilikuwa orodha ya mbinu za kufungulia mechi. Msaidizi mmoja wa Texas akaiokota na kuikimbiza kwa Carl Reese, kocha wao wa ulinzi.

Ilikuwa feki. Leach ndiye aliyeiandika. Kwangu mimi, huo ndio uanasheria wake: hakumdanganya mtu kwa mdomo, aliacha ushahidi uokotwe.

Mpira ukaanza. Mbinu zilianza kama karatasi ilivyosema, walinzi wa Texas wakakimbilia zilikoelekea, na mpira ukapita upande wa pili ambako hapakuwa na mtu. Oklahoma 17, Texas 0. Mashabiki wa Oklahoma wakawa hawakamatiki.

Lakini karatasi ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Kuanzia hapo Leach alikuwa na mbinu za kweli tu, na saa ya uwanjani ilikuwa bado na muda mrefu. Major Applewhite, kwotabeki wa Texas, akavaa kofia yake na kuingia uwanjani.

Itaendelea Jumamosi ijayo.